Nimewatumia linki 40 za vibonzo, hakuna aliyefungua hata moja

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Morogoro, nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Mchana kutwa ni fotokopi, kuchapa barua za watu, kuskani vyeti na kupiga picha za pasipoti. Jioni nikishakula na kuoga najilaza na simu yangu, nasoma vibonzo vya mtandaoni. Sisemi vile vya siasa vinavyotoka magazetini. Nasema hadithi ndefu za kuchorwa, ambazo mchoraji anaweka ukurasa mmoja mmoja kwenye tovuti yake, mara mbili tatu kwa wiki, mwaka hadi mwaka, na anayesoma halipi kitu. Nilizigundua nikiwa chuo na sijaziacha hadi leo.

Mjomba, kinachoniumiza ni kusoma peke yangu. Kuna hadithi niliyoifuata miaka mitatu. Siku moja nikafungua nikakuta mchoraji ameandika kwamba anaacha, wasomaji ni wachache mno na ana watoto wa kulisha. Hadithi ikabaki katikati, mhusika amesimama mlangoni na mkono uko kwenye kitasa. Nililia, na sikuwa na mtu wa kumwambia nalilia nini.

Basi nikasema nitatafuta wasomaji mimi mwenyewe. Nikafungua grupu la WhatsApp, nikaweka watu 23: ndugu, marafiki, watu wa kwaya. Nikaandaa orodha ya vibonzo 40 visivyojulikana sana, kila kimoja na linki yake na maelezo mafupi. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Nilipotuma, wawili waliweka dole gumba, binamu yangu akaondoka kwenye grupu, na rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, sasa ni nesi, akaandika mbele ya wote: "Na umri huo bado unasoma katuni za watoto?" Sijamjibu hadi leo. Baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, alinipigia akasema hayo mambo si ya kwetu, nisome vitabu. Mdogo wangu wa darasa la sita ndiye pekee aliyetaka kusoma, lakini Kiingereza hakipandi, akachoka ukurasa wa pili.

Halafu kuna jambo la pili. Mteja mmoja aliona nasoma, akanishauri nivichapishe pale pale dukani, nivipige spairo, niuze shilingi elfu tatu tatu. Alisema vipo bure mtandaoni, kwa hiyo havina mwenyewe. Moyo ulikataa, lakini nikawaza labda hiyo ndiyo njia ya watu kuvisoma.

Mjomba, nifanyeje? Au nikubali tu kwamba kitu hiki ni changu mwenyewe, ninyamaze?

Msomaji wa Peke Yake, Morogoro

*

Marahaba mpwa wangu.

Usinyamaze. Ulichoandika kuhusu yule mhusika aliyeachwa na mkono kwenye kitasa nimekisoma mara mbili. Mtu anayeweza kukumbuka fremu ya mwisho namna hiyo ana kitu cha kuwapa wenzake. Kilichokosewa ni namna ya kukitoa tu, na hilo linarekebishika.

Nikiwa kijana Tanga, gazeti la vibonzo la Sani halikuwa la mtu mmoja. Nakala moja ilinunuliwa stendi, ikapita kwa kinyozi, ikaenda gereji, ikaingia nyumba tatu nne za mtaa wetu, na ilipomrudia mwenyewe ilikuwa haina jalada. Sikumbuki hata siku moja mtu aliyetangaza kwamba kuna hadithi nzuri mle, watu wasome. Aliyemaliza alikufuata ulipo, gazeti limekunjwa kwenye Ndumilakuwili au Lodi Lofa, akakuwekea mkononi na kukwambia anzia hapa. Halafu akasimama pembeni kukuangalia usoni, asubiri ufike pale alipocheka yeye. Madenge na Kipepe tuliwajua hivyo, kwa kukabidhiwa. Kenya mwaka 2010 walipoanzisha Shujaaz, kibonzo cha Kisheng cha vijana, hawakungoja vijana wakitafute: kilitolewa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, mahali ambapo mtu amesimama tayari na mkono uko wazi.

Sasa tazama orodha yako kwa macho ya aliyeipokea. Linki 40, zote za bluu, zote zinafanana. Afungue ipi kwanza? Bando lake litaisha wapi? Na akifungua moja akakuta mchoro wa kwanza haujakaa sawa, ataamini zile 39 ziko hivyo hivyo. Ulimaanisha zawadi, yeye akapokea kazi ya nyumbani. Tena umempa mbele ya watu 22 wengine, kwa hiyo kila mmoja aliamini mwenzake ndiye atakayefungua.

Nikupe mfano wa jambo hili uone lilivyo. Minna Sundberg ni mchoraji mwenye asili ya Ufini na Uswidi. Mwaka 2013 alianza Stand Still. Stay Silent, hadithi ya dunia iliyomalizwa na ugonjwa, imebaki Iceland na vipande vya nchi za kaskazini ya Ulaya, na miaka 90 baadaye kikundi kidogo cha watu kinaingia Denmark iliyokufa kutafuta vitabu. Ndani ya hadithi hiyo alichora miti miwili mikubwa yenye majani inayoonyesha udugu wa lugha za Ulaya na Asia, Kifini kwenye mti wake, Kiingereza, Kihindi na Kiajemi kwenye mwingine. Picha ile ilisambaa duniani, walimu wa lugha wameibandika ukutani, pengine na wewe umewahi kumchapishia mteja. Waulize wangapi wanajua ni ukurasa wa kibonzo. Picha moja ilipita kila mlango, na hadithi yenye mamia ya kurasa ikabaki nje, kwa sababu waliosambaza hawakutaja imetoka wapi.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Ukurasa mmoja unasafiri kuliko orodha. Na ukurasa usio na jina la mchoraji unasafiri bila kumfaidi mchoraji.

Wala usidhani umepungukiwa wewe. Zamani kidogo msomaji wa vibonzo alikuwa na programu ya kumkusanyia kurasa mpya kutoka tovuti zote anazofuata, asubuhi anazikuta zimepangwa. Maarufu kuliko zote ilikuwa Google Reader, nayo ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Baada ya hapo watu wengi walihamia kwenye programu kubwa za simu zenye asili ya Korea Kusini, ambako hadithi inashuka chini kama uzi mrefu na iliyo juu kwenye chati ndiyo inayozidi kupanda. Aliyebaki na tovuti yake mwenyewe hana wa kumsukuma. Anategemea mtu kama wewe amwambie mtu mwingine.

Basi acha grupu. Usilifute, liache lilale. Chukua watu watatu uliowataja kwenye barua yako, nesi, baba mdogo na mdogo wako, uwashike mmoja mmoja.

Nianze na rafiki yako, maana hapo ndipo umeumia. Nesi wa zamu ya usiku hana saa tatu za kusoma, ana dakika kumi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Usimpe hadithi ya miaka saba. Mpe His Face All Red ya Emily Carroll wa Kanada, aliyoiweka mtandaoni mwaka 2010. Kijiji kina mnyama anayemaliza mifugo, ndugu wawili wanaingia msituni kumwinda, anarudi mmoja. Siku chache baadaye yule wa pili naye anatoka msituni akiwa mzima, hana hata mkwaruzo, na ni yule wa kwanza peke yake anayejua kwa nini jambo hilo haliwezekani. Inasomeka kwa kushusha kidole, fremu zimezungukwa na weusi, na mwanamume anapoteremka shimoni na wewe unateremka naye kwa kidole chako mwenyewe. Huo ni ufundi ambao kitabu cha karatasi hakiwezi kuupata. Mtumie saa nne usiku, yeye peke yake, na maneno haya tu: "Hii ni dakika kumi. Si ya watoto. Ukimaliza niambie kuhusu shimo." Hapo utakuwa umemjibu lile swali lake bila ugomvi.

Akirudi na kusema ameshindwa kulala, ndipo umpe Digger.

Hapa niruhusu niseme zaidi, kwa sababu katika vyote ninavyovijua hiki ndicho ninachotamani zaidi kisomwe na watu wetu. Digger ni kazi ya Ursula Vernon wa Marekani, imechorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, imekamilika tangu mwaka 2011, na mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Hugo, ile kubwa ya hadithi za kubuni za sayansi na maajabu. Huku kwetu sijawahi kumsikia mtu akiitaja. Mhusika wake ni wombati, mnyama wa Australia anayechimba mashimo, mfupi, mnene, ambaye mfuko wake wa mtoto umefunguka kwa nyuma ili udongo usiingie anapochimba. Digger ni mhandisi wa mahandaki, mwanamke asiyependa uchawi na asiyeiamini miungu hata kidogo. Anapotea chini ya ardhi, anachimba kwenda juu, anatokea kwenye sakafu ya hekalu mbele ya sanamu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, na sanamu inamsemesha. Shida yake tangu hapo ni moja: anataka kurudi nyumbani, na handaki alilojia limeharibika kwa namna asiyoielewa.

Katika kutafuta njia anakutana na fisi.

Wewe na mimi tunamjua fisi wa hadithi zetu. Ndiye aliyeshindwa na njia mbili akapasuka msamba. Ndiye anayemfuata mtu nyuma siku nzima akingoja mkono udondoke. Tangu utotoni tumefundishwa kumcheka. Sasa soma fisi wa Vernon. Wana sheria, wana heshima ya maiti, wana bibi mkuu anayeogopwa na kupendwa, na wawindaji wao ni majike. Hilo la majike hakulibuni: fisi madoa wa Ngorongoro na Serengeti ndivyo wanavyoishi, kundi linaongozwa na jike na hata dume mkubwa husubiri zamu yake. Mchoraji wa mbali kamtazama mnyama wa kwetu jinsi alivyo, na mimi niliyezaliwa nchi moja na mnyama huyo sikuwahi kumfikiria hivyo mpaka niliposoma.

Mmoja wa fisi hao amefukuzwa. Jina lake limefutwa, ndugu zake wanamhesabu kuwa amekufa, wakikutana naye wanamwangalia kama mtu anavyoangalia hewa. Digger, asiyejua mila zao, anampa jina fupi, Ed, na Ed naye anamwita Digger kama mtu anavyomwita kapanya, kwa upole wa mtu aliyekaa miaka bila kusema na yeyote. Alichofanya Ed utakijua taratibu, na ukishakijua utarudi nyuma kuangalia uso wake upya. Kuna pia kivuli kitoto, kiumbe kilichozaliwa bila mtu wa kukifunza, kinachomfuata Digger kikiuliza ubaya ni nini na mtu anautambuaje. Maswali yake ni ya kitoto na majibu ya Digger ni ya mtu anayehangaika kweli kweli kutomdanganya mtoto. Rafiki yako anafanya kazi mahali ambapo wanawake huletwa usiku na majeraha wasiyoyasemea. Hadithi ya Ed itamfikia. Usimweleze kabla, mwache afike mwenyewe.

Kurasa zake ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo bando halimezwi sana. Hilo mwambie.

Baba mdogo anataka njia nyingine. Aliposema si ya kwetu, usimbishie. Siku ukienda kumsalimia muulize kuhusu Chakubanga, yule wa gazeti la Uhuru, aliyechorwa na Christian Gregory. Mwalimu wa umri wake hawezi kuwa hajamsoma. Kama amewahi kukaa Kenya, muulize kuhusu Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, aliyewachekesha watu miongo na miongo. Mwache asimulie mpaka achoke, atakwambia mwenyewe alikuwa anaanza gazeti ukurasa upi. Akishafika hapo, umfungulie Vattu ya Evan Dahm kwenye simu yako, si yake.

Vattu ilianza mwaka 2010 na mchoraji aliifanya kwa zaidi ya miaka kumi, kurasa zaidi ya elfu moja. Mwaka 2014 ilipata tuzo ya Ignatz ya vibonzo vya mtandaoni. Ni habari ya mtoto wa kike wa jamii ya kuhamahama anayetolewa kwao na kupelekwa utumwani kwenye mji mkuu wa dola. Watu wote wa hadithi hii ni wa kubuni, hakuna hata mmoja aliye binadamu, lakini mwanahistoria ataona humo kila alichofundisha: dola inavyoingia na kutoka na watoto, watumwa wanaotofautiana namna ya kuupinga utumwa, mshindi anayeandika habari za aliyeshindwa. Mtu aliyewahi kuwapeleka wanafunzi Bagamoyo kuona njia za misafara hahitaji kutafsiriwa. Kurasa za mwanzo zina maneno machache sana. Mpe simu, kaa kimya, usimweleze kitu.

Ikimkolea, kuna Rice Boy ya mchoraji huyo huyo, ya mwaka 2006 hadi 2008, fupi zaidi. Ila michoro yake ndiyo ya ujana wake, na hapa nikuonye kuhusu jambo linaloua mapendekezo mengi: mchoraji wa mtandaoni hujifunzia mbele ya wasomaji. Gunnerkrigg Court ya Tom Siddell wa Uingereza ilianza mwaka 2005, na ukiweka ukurasa wa mwanzo karibu na wa miaka kumi baadaye utadhani ni watu wawili. Mimi naipenda mno hadithi ile, ya msichana kwenye shule kubwa inayofanana na kiwanda, ng'ambo ya mto kuna msitu wenye mambo yake. Lakini simpi mtu bila kumwambia avumilie sura tatu za kwanza. Ukimwambia mapema, anavumilia. Asipoambiwa, anafunga.

Sasa mdogo wako, na hapa ndipo na swali lako la spairo linapojibika.

Yule mteja alikosea. Kusomwa bure si kukosa mwenyewe. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu mwaka 1994, na maana yake ni kwamba kazi ya mchoraji wa Marekani inalindwa Morogoro kama ya mchoraji wa Mwanza. Ukichapisha Digger ukaiuza elfu tatu, umeuza jasho la mtu ambaye naye ana vitabu vya hadithi hiyo hiyo vinavyouzwa. Moyo wako ulikataa, na ulikuwa sahihi.

Lakini kuna mchoraji mmoja aliyekwisha kukupa ruhusa, na hajui kama upo. Anaitwa David Revoy, Mfaransa, na tangu mwaka 2014 anachora Pepper&Carrot, habari za mchawi mdogo wa kike na paka wake wa rangi ya chungwa, dawa zinazochemka kupita kiasi na mashindano ya uchawi yanayoharibika. Inamfaa mtoto na inamfurahisha mkubwa. Leseni yake ni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuisambaza, kuitafsiri, kuichapisha, hata kuiuza, mradi ataje jina la mchoraji na leseni, na aseme alichobadilisha. Faili zake za asili ziko wazi, michoro upande wake na maneno upande wake, na maneno yanabadilishwa kwa Inkscape, programu isiyolipiwa inayokubali kompyuta ya kawaida kama hiyo ya dukani kwako. Watu wa kujitolea wameshaitafsiri kwa lugha zaidi ya 50.

Mpwa wangu, una kompyuta, una printa, una Kiswahili, na una mtoto wa darasa la sita anayengoja. Anza na kipindi cha kwanza, ni kifupi na kina maneno ya kuhesabika. Yaandike kwa Kiswahili, umwekee mdogo wako, na umwangalie usoni kama mimi nilivyoangaliwa na Sani mkononi. Akikwama mahali, tafsiri ndiyo imekwama, si yeye.

Nikusaidie kitu kimoja cha ufundi. Maneno yetu ni marefu na viputo vya maneno vilichorwa kwa maneno mafupi. Ukiandika "Sitakuruhusu uiguse chupa hiyo", herufi zitatoka nje ya kiputo au utalazimika kuzipunguza mpaka mtoto asizione. Andika "Usiiguse!" Chupa ameshaiona kwenye mchoro, haina haja ya kutajwa. Kata kila kinachoonekana tayari. Na kwenye milio, tajirika: kitu kikianguka majini andika chubwi, kikianguka mchangani andika tifu, kikivunjika andika kacha. Watu wa lugha nyingine wanahangaika kuitafuta milio, sisi tumeirithi kwa bibi zetu. Mwite mdogo wako akusaidie hapo hapo, mwonyeshe mchoro umwulize unalia vipi. Atakuwa amekuwa mtafsiri kabla hajawa msomaji.

Ukishapata vipindi viwili vitatu, chapisha nakala mbili, upige spairo, ndani ya jalada uandike jina la David Revoy, anwani ya tovuti yake, leseni, na kwamba tafsiri ni yako. Ziweke kwenye lile benchi wanaposubiri wateja. Mama anayengoja fotokopi ana mtoto pembeni anayechokonoa waya za mashine. Huyo ndiye msomaji wako wa pili.

Kuna nyingine nzuri kwa umri wake, Wormworld Saga ya Daniel Lieske wa Ujerumani, iliyoanza Krismasi ya mwaka 2010, ya mvulana aliyekwenda likizo kwa bibi yake akaingia dunia nyingine kupitia picha iliyokuwa kwenye chumba cha darini. Kila sura ni mchoro mmoja mrefu wa rangi unaoshuka na kushuka, kwa hiyo isome mahali penye waifai. Lakini leseni yake si kama ya Revoy, isome naye kwenye simu tu, umtafsirie kwa mdomo.

Kuhusu yule mchoraji wako aliyeacha: mwandikie. Tovuti nyingi huwa na anwani ya barua pepe chini kabisa. Usimwombe aendelee, ana watoto wa kulisha, amekwishasema. Mwambie tu kwamba Morogoro kuna mtu aliyemfuata miaka mitatu na anaukumbuka ule mkono kwenye kitasa. Wachoraji hawa wanahesabu wasomaji kwa tarakimu, ni nadra kumjua hata mmoja kwa jina. Na wale ambao bado wanachora, ukipata kifuta jasho cha kumtumia mmoja wao mara moja kwa mwaka, mtumie. Usipopata, barua nayo ni kitu.

Ile orodha ya 40 usiifute. Ni siku tatu za kazi yako na ina thamani, ila iwe ya kwako, kama daftari la mganga: mtu akija na shida yake unaangalia ndani, unachomoa kimoja.

Anza na nesi wiki hii. Muulize kwanza ratiba ya zamu zake, usimtumie akiwa na usingizi wa mchana. Halafu kipindi cha kwanza cha Pepper&Carrot kikishatoka kwa Kiswahili, nitumie nakala. Nina wajukuu wawili huku Tanga, mkubwa anasoma, mdogo anasikiliza, na nitakuandikia walichekea fremu ipi.

Mjomba wako